Cha fundi au cha dukani? Vyombo vya nyumba mpya, hapa Mwanza

Mdogo wangu anaolewa, na chumba na sebule walivyopanga viko juu kabisa Mabatini, kule ambako bodaboda inakushusha barabarani halafu unamalizia kwa miguu, mawe kulia mawe kushoto. Mimi ndiye dada mkubwa, hivyo daftari la vyombo limeangukia kwangu. Kila mstari wa daftari hilo umezua ubishi uleule: kinunuliwe cha mkono, kwa fundi au kwa mama msusi wa makapu, au kitoke dukani kikiwa kwenye boksi? Mama anataka cha fundi. Bibi harusi mtarajiwa anasema, "Dada, mimi nataka kitu cha kufuta na kitambaa, basi." Shemeji hana neno; yeye analipa.

Nimezunguka wiki tatu. Mwanzoni nilikuwa nauliza kipi kizuri, swali ambalo halikunifikisha popote, maana siku ya kununua vyote vinang'aa. Nikabadilisha: kikiharibika, nakipeleka kwa nani? Hapo orodha ikaanza kujipanga yenyewe, ingawa kwenye chungu kipimo hiki kilinigomea.

Kitanda

Nianze na kitanda, maana ndicho kilichokula pesa na muda.

Upande wa duka kuna vitanda vya boksi, vya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi na kubandikwa juu karatasi ngumu yenye picha ya mti. Vinapendeza, sikatai. Kichwani kuna sponji iliyovishwa ngozi bandia, pembeni kishubaka cha simu. Unalipa leo, leo hii kinapanda kwenye kirikuu. Upande wa fundi kuna mninga, mkongo, mtiki, na msonobari kwa mwenye mfuko mwepesi. Unatoa kianzio, unachagua mtindo kwenye simu ya fundi, kisha unasubiri.

Ya kabati la boksi ninayajua kwa machungu. Nilipopanga Buhongwa nilinunua moja, na mwaka wa kwanza halikunisumbua. Nikahama. Likafunguliwa, likafungwa tena, na skrubu zikawa zinazunguka kwenye matundu kama mwiko kwenye uji. Masika ilipofika maji yakapita chini ya mlango, ubao wa chini ukavimba. Nikamwita fundi seremala wa jirani. Akaubonyeza kwa kidole gumba, ukamomonyoka, akaniangalia kwa huruma: "Dada, hapa sina pa kushika."

Maneno hayo nimeyabeba hadi leo. Kitanda anacholalia mama yetu kilichongwa kabla sijazaliwa. Kimebadilishwa chaga mara mbili, mguu mmoja uliungwa baada ya kupasuka siku ya kuhama, na kila mara fundi aliyekuja hakuwa yule aliyekitengeneza. Ubao mzima una pa kushika.

Lakini kwa fundi nako kuna mitego. Wa kwanza ni msonobari uliovishwa vanishi ya rangi ya mninga. Ukisimama mbele ya kitanda unaona mninga mtupu. Piga magoti, ingiza kichwa chini, angalia upande wa ndani wa ubavu ambako brashi haikujisumbua kufika. Ukikuta weupe wenye unjano na vifundo vya kahawia, umeshajua unauziwa nini. Msonobari si ubao mbaya, ila ulipiwe bei ya msonobari. Mimi huwa nanyanyua pia ncha moja ya ubavu, kwa sababu msonobari ni mwepesi na rangi haiongezi uzito.

Mtego wa pili ni mbao mbichi. Ubao ukikaukia kwenye kitanda badala ya kukaukia kwenye rundo, unajipinda, viungo vinaachia, na kila anayegeuka usiku kitanda kinamtangaza. Kwa maharusi waliopanga chumba chenye jirani nyuma ya ukuta, hilo si jambo dogo. Uliza mbao zimekaa muda gani tangu zipasuliwe, kisha kagua viungo: ulimi wa ubao umeingia kwenye tundu ukabana, au vipande viwili vimegusanishwa tu na kugongwa misumari?

Mtego wa tatu ni kalenda ya fundi. Nitaurudia.

Halafu kuna jambo ambalo duka linatushinda kabisa, hasa sisi wa vilimani. Kitanda cha mninga cha tano kwa sita kilichogongwa moja kwa moja hakipandi Mabatini, wala Igogo, wala Kitangiri ya juu. Nimeona vijana wanne wamekwama nacho kati ya mawe mawili, hawapandi hawashuki, mwenye nyumba yuko juu anapiga kelele wasimkwaruzie ukuta. Cha boksi kinapanda vipandevipande begani. Dawa yake ni kumwambia fundi mapema, kabla hajashika msumeno, kwamba unataka kitanda cha bolti: mbavu zifunguke, kichwa kibaki peke yake, miguu peke yake. Fundi anayeguna ukimwambia hivyo, mwache.

Uamuzi wangu ni kitanda cha fundi, cha mninga, cha bolti. Kama ningekuwa nanunua kwa ajili ya mwalimu mpya anayejua kuwa atahamishwa baada ya mwaka, ningechukua kitanda cha chuma cha kuchomelewa. Na hicho ni cha mkono vilevile, ingawa watu wakisikia "kazi ya mikono" mawazo yao yanakimbilia vinyago. Kinafunguka, hakivimbi, na mchomeleaji hakosekani mtaani.

Chungu, sufuria, na mtungi

Mama mfinyanzi nilimkuta gulioni, njia ya Kisesa, vyungu vimepangwa juu ya majani makavu. "Mwangaluka mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma changu cha mjini, akacheka, akanipokea. Nikachukua chungu cha kwanza nikakigeuzageuza kama mtu anayejua. Akaninyang'anya kwa upole. "Mwanangu, usikitazame. Kipige."

Akakishika mdomoni kwa vidole viwili, akakigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kikalia, sauti ndefu kidogo, karibu na kengele. Akachukua kingine kinachofanana nacho kabisa, akagonga: dub. "Hiki kinaimba, hiki kimenuna," akasema, akakiweka kile cha pili nyuma yake. Kilikuwa na ufa ambao jicho halikuuona. Yale mabaka meusi yaliyokuwa yananitia shaka hayana neno, ni mahali ambapo moto na moshi vilikilamba wakati wa kuchomwa. Vyungu hivi huchomwa uwanjani, kwa kuni na majani.

Kwenye kupika, chungu na sufuria si washindani kama watu wanavyovitenganisha. Sufuria ya alumini hushika joto haraka na kulipoteza haraka. Chungu huchelewa kupata moto, kisha hukaa nao. Ukikiepua maharage yanaendelea kutokota mezani. Kwa hiyo chai, ugali na chipsi za mtoto ni kazi ya sufuria. Ugali hasa, kwa sababu unahitaji kushikilia chombo kwa nguvu huku unasonga, na chungu hakina mahali pa kubanwa. Maharage, kisamvu, makongoro, na sato wa mchemsho mwenye nyanya na ndimu, hivyo vipe chungu. Vitu vichachu huila alumini kidogokidogo, ndiyo maana sufuria iliyolaza mchuzi wa ndimu hubadilika rangi ndani. Chungu hakina shida na ndimu.

Kina shida na haraka. Chungu kipya hakipandi motoni siku hiyohiyo. Kijaze maji kilale nacho, kesho yake pika humo uji mwepesi kwa moto mdogo, uache upoe humohumo. Wanga wa uji unaziba vinyweleo. Baada ya hapo usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto. Kwenye jiko la gesi anza na moto mdogo kabisa, kwa sababu gesi inachoma mahali pamoja, tofauti na kuni zinazokumbatia chungu kizima.

Na hapa ndipo kipimo changu kilipogoma. Chungu kikivunjika, sikipeleki kwa mtu. Hakuna fundi wa kuunga chungu cha kupikia. Sufuria ikitoboka mtaani kuna anayeziba; chungu kikianguka ni vigae, kuku wanywee maji. Nilichojibu nafsi yangu ni kwamba bei ya chungu ni ndogo na mfinyanzi yupo gulio lijalo, basi. Nimenunua viwili, kimoja cha akiba.

Mtungi wa maji ni habari nyingine. Mtungi hupoza kwa sababu unatoka jasho: maji hupenya kwenye udongo, yanafika nje, yanakauka na kuondoka na joto. Umeme ukatike usikatike, maji ni baridi, na si ule ubaridi wa jokofu unaouma meno. Ila angalia usije ukauziwa pambo. Mitungi iliyopakwa rangi ya mafuta, yenye maua na twiga, imezibwa vinyweleo na haipozi chochote. Iweke sebuleni na maua ya plastiki.

Kwa usafi, hata hivyo, ndoo ya koki ya dukani inaushinda mtungi. Ndani ya mtungi huingia kikombe, na kwenye kikombe kuna vidole. Mwenye watoto wadogo anunue ndoo ya koki, na akitaka mtungi pia, atumie kata yenye mpini mrefu na maji yawe yamechemshwa kabla hayajaingia humo. Mama hakubaliani nami. Anasema sisi tulikunywa mtungini na tumekua. Ni kweli, na tuliharisha pia.

Kapu

Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, kila nyumba ina fungu la mifuko mbadala nyuma ya mlango. Ile inayofanana na kitambaa, ya mia mbili mia tano. Inabeba mara tatu nne, kisha mshono wa chini unaachia, mara nyingi ukiwa na mayai.

Kapu la ukindu bei yake inatosha kununua mifuko hiyo rundo zima, na ndipo wengi wanapogeuza njia. Nililonalo nimelibeba miaka mitano. Mkono ulikatika mwaka wa pili, mama msusi akaushona upya huku namsubiri. Ukilinunua, usidanganywe na rangi za ubavuni, ligeuze. Mkono mzuri haukuishia mdomoni mwa kapu. Unashuka ubavuni, unapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili, hivyo uzito wote unakaa juu yake. Mkono ulioshonwa mdomoni tu ni wa kupigia picha. Yapo pia ya milulu kutoka Iringa, magumu na yanayosimama wima yenyewe, mazuri kuliko ya ukindu kwa kupanga vitu ofisini au kwa nguo za mtoto, ingawa kwa sokoni naona yanajikunja vibaya ukiyabana kwapani kwenye daladala.

Lakini Mwanza tunanunua samaki. Sato akivuja maji yake mara moja kwenye kapu la ukindu, hiyo harufu mmeshaoana. Utalisugua, utalianika, mvua ikinyesha inarudi. Kwa samaki chukua kapu la mikanda ya plastiki, lile la miraba ya rangi. Mdogo wangu alipoliona alishangilia akidhani duka limeshinda. Nikamwambia aangalie vizuri: mkanda ni wa kiwandani, ila aliyeusuka ni mtu, na ukikatika mkanda mmoja anauchomoa na kupitisha mwingine. Sijui aliweke upande gani wa daftari. Tumelinunua.

Jiko, na jina la mtaa

Katikati ya mji tuna mahali panapoitwa Makoroboi, chini ya mawe. Jina limetokana na koroboi, ile taa ya kopo, utambi na mafuta ya taa ambayo mafundi wa pale walikuwa wakiitengeneza kwa bati na makopo chakavu. Sasa niambie nani anaililia koroboi. Mimi darasa la saba nililisomea kwa koroboi. Asubuhi nikipenga kamasi, zinatoka nyeusi. Taa ya sola ya dukani imeishinda bila rufaa, na mtu akiniambia kuwa cha mkono ni bora siku zote, namtajia jina la mtaa huo.

Hata majembe yana hadithi hiyo. Katika karne ya 19 Warongo wa upande wa Uzinza na Geita waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyosafiri hadi Usukuma, yakilimiwa na kuhesabiwa kwenye mahari. Majembe ya kiwandani yalipoingia, tanuri zile zikazimika. Leo nani atanunua jembe la kufuliwa kijijini kwa bei ya majembe matatu ya dukani?

Wagonga bati hawakufa na koroboi, lakini. Wanatengeneza majiko, matranka, vikaango vya maandazi, funeli, keni za kumwagilia bustani. Kwenye jiko la mkaa nimewapa wao bila kusita: jiko la bati lenye udongo ndani hula mkaa kidogo kuliko la bati tupu, kwani udongo unazuia joto lisitorokee pembeni, na udongo ukipasuka fundi anaweka mwingine, bati linabaki lilelile. Unapolichagua, litikise taratibu. Udongo ukicheza ndani, umewekwa ovyo.

Ila jiko hilo nimelinunua dogo, la akiba. Jiko kuu ni gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na hata bila mkakati, chumba chenye dirisha moja kule Mabatini si mahali pa kuwasha mkaa. Mkaa unaua usiku, mlango ukiwa umefungwa. Kwenye hili sikumsikiliza mama hata dakika moja.

Mkeka na viti, kwa haraka

Mkeka wa plastiki unamfaa mwenye mtoto anayekojoa. Unaosha, unaanika, umemaliza. Mkeka wa ukindu ni baridi mgongoni mchana wa jua, hautelezi, na ukili ukiachia unashonwa, ila hautaki unyevu. Ukiukunja mbichi unaota ukungu. Jamvi la mafunjo ni la nje, chini ya mwembe. Ndani linakaribisha kunguni. Tumechukua wa ukindu sasa, na wa plastiki utanunuliwa pale sababu ya kuununua itakapozaliwa.

Viti vya wageni tumenunua vya plastiki, vya kupandana. Kwa shughuli hakuna cha kuvishinda. Kigoda kimoja cha mti, cha kukalia jikoni, mama amesema atakitoa yeye kama zawadi, na hapo sikuwa na la kulinganisha. Kule Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, jengo la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Nani ajenge nyumba yenye umbo la kiti cha plastiki?

Sasa nirudi kwenye kalenda ya fundi. Kianzio nilitoa nusu, tukapatana wiki mbili. Wiki ya pili alikuwa na msiba. Ya tatu, mashine ya randa ilikuwa mbovu. Jana nimepita, nimekuta mbavu mbili na kichwa, vimesimama ukutani, viungo vimebana, matundu ya bolti yametobolewa safi. Nimepiga magoti nikaingiza kichwa chini: mninga. Kazi ni nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Harusi ni tarehe 20. Fundi amesema nije Jumamosi. Nimesahau kumuuliza Jumamosi ipi.